Ukimya Haupakiwi

Kazi yangu hapa Tabora ni kupanga mizigo.
Si tumbaku; hiyo ina ghala lake, mizani yake
na ugomvi wake wa kila msimu.
Mimi napanga maneno, nyuso na tarakimu
ndani ya uzi wa kioo mwembamba kama unywele,
uliofukiwa kando ya reli.

Njia hii hii ilikanyagwa na wapagazi,
shanga na majora ya kaniki begani, wakielekea ziwani.
Leo sauti ya mtu hukatwakatwa,
kila kipande kikabandikwa anwani, kikashika njia yake,
na kule mwisho vikaungwa
kabla msikilizaji hajamaliza kukohoa.
Picha vivyo hivyo. Hesabu za benki vivyo hivyo.
Mzee Kasanda, mstaafu wa posta, bado haamini:
"Zote humo humo? Na hazichanganyiki?"
Yeye alikuwa na dirisha la simu, dirisha la barua,
dirisha la telegramu, na kitasa cha kila moja.

Hazichanganyiki, mzee. Ila tabia zao mbalimbali.
Sauti haingoji: ikichelewa nusu sekunde
waungwana wawili huanza kukatizana kama wagomvi.
Picha husamehe: zikidondoka punje mbili tatu
jicho huziba lenyewe.
Tarakimu hazina haraka, lakini hazisamehi;
sifuri moja ikipotea njiani, mtu kafilisika.
Kwa hiyo nimeuandikia mtambo:
sauti ipite kwanza, picha ifuate,
tarakimu zije zikipata nafasi.
Nilijiona mwenye hekima.

Jumapili nikampigia mama, Mwandiga.
"Mwakeye!" akacheka, mawese mpaka kwenye viwiko.
Mara wingu la Machi, mtandao ukayumba,
picha ikagota:
mama anacheka, pengo la juu wazi,
nyuma yake nusu ya kuku.
Sauti ikaendelea bila uso.
"Mzima tu. Kichwa kidogo. Nadhani ni jua.
Wewe umekula?"
Na kicheko kile hakikusogea.

Saa tano usiku, foleni imepungua,
ukaingia ujumbe wa Butoyi, mtoto wa dada,
kanakili kadi ya zahanati:
mia moja tisini na nane
kwa mia moja kumi na tano.
Tarehe, ya wiki tatu nyuma.
Umefika mzima, hakuna nukta iliyopungua.
Niliyemweka mkiani
ndiye peke yake aliyesema kweli.

Nikapiga tena, bila picha.
"Mama, nimeona kadi."

Kimya.

Sikioni, mvumo mdogo,
kama manyunyu kwenye bati la jirani.
Mwingine angedhani anasikia chumba cha mama.
Mimi najua mvumo ule unatoka wapi.
Ukimya haupakiwi. Mtu akinyamaza
mtambo wa kwao hautumi kitu, unaokoa nafasi,
na mtambo wa huku hujitungia uvumi wake
ili usidhani simu imekatika.
Muda wote ule
nilikuwa naisikiliza Tabora.

Kanuni yenyewe ni mstari mmoja. Nimeufuta.
Mkuu wa kitengo akiuliza
mbona njia ya Kigoma imejaa, nitasema ni mvua.

Sasa mama akinyamaza
unanifikia ukimya wenyewe, na vitu vyake vyote:
mwiko umewekwa chini, mlango wa jiko,
koo linameza,
pumzi inapanda, inakwama kidogo
kabla hajasema,
"Niliogopa utapanda treni."